Mizinga ya Mzee Tsongo

Kasese, 9 Februari 2015

Edisa binti Kasim,

Sianzi na salamu, maana salamu hupewa mtu aliyeaga vizuri. Wewe ulitoka hapa mwezi uliopita ukasema unakwenda kumwona babu yako siku tatu. Tatu! Shule imefunguliwa Jumatatu iliyopita, leo ni wiki nzima, na sanduku lako bado liko mlangoni. Nimeligonga kwa kidole cha mguu mara mbili, na mara zote mbili nimekutaja kwa jina.

Baba yako anasema umetoroka. Mimi nasema umechelewa. Tumegombana juu ya maneno hayo mawili mpaka Asmah, mwenye miaka sita, akatuambia tunyamaze anataka kulala.

Usidhani sijui. Najua wasichana walikucheka kwamba unanuka moshi. Najua siku ile mvua ilipoanza katikati ya somo la hesabu ukatoka kwa dirisha, ukasimama uwanjani ukilowa, mwalimu akadhani una kifafa. Metroni aliniambia mwenyewe kwamba kitanda chako hakina hata kunjo, unatandika chini karibu na mlango. Lakini umekaa nasi miaka mitatu, Edisa. Katika miaka mitatu mtu huzoea hata mkwe mbaya.

Mama yako Eseri, Mungu amrehemu, angekuwa hai angesema ninavyosema. Amekwenda kabla hujamjua, babu yako akakulea huko kwenye baridi mpaka ukafika miaka kumi na mitatu, na namshukuru. Sasa una kumi na sita. Rudi usome.

Jibu mpe Sunday, yule muuza mianzi. Yeye atalishusha mpaka soko la Mpondwe, na baba yako atalileta kwa gari lake bila kulisoma. Si kwa adabu, ni kwa uvivu. Na usijifanye huna maneno, Kiswahili nilikufundisha mwenyewe, kwenye meza yangu ya vitenge.

Mimi,
Halimah, mama yake Asmah


Juu ya Karambi, 21 Februari 2015

Mama Asmah,

Salaam. Mimi naanza nazo, kwa sababu najua sikuaga vizuri.

Sikutoroka. Nilikuja kwa siku tatu kweli. Siku ya nne nilifunga mfuko, nikavaa viatu vya shule, Babu akanisindikiza mpaka mianzi inapoishia. Pale miguu ikakataa. Sikulia wala nini. Nilisimama tu, na Babu naye akasimama. Mwishowe akasema, "Kama huendi, njoo unishikie moshi." Tukarudi, tukafungua mzinga wa nyuki.

Wewe hujui Kasese ilivyo kwangu kwa sababu Kasese ni ya kwako. Chini ya mabati yale nilikuwa nahisi kichwa kinachemka. Malori ya Hima yakipita, chai inapata vumbi la saruji, nanyi mnakunywa huku mnazungumza. Shuleni kuna kengele ya kuamka, kengele ya kula na kengele ya kunyamaza. Nilikuwa nazunguka uwanja kila mapumziko mpaka wakaniita Askari. Wakiniuliza nyumbani kuna nini, nikisema kuna mizinga ishirini na miwili, na mbega, na ukungu unaoingia mpaka jikoni, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Nikisema kuna televisheni, wananipa nafasi ya kukaa. Kwa hiyo nikasema kuna televisheni. Nilisema hivyo mwaka mzima, nikasimulia na vipindi ambavyo sijawahi kuviona. Nilichoka, Mama Asmah. Hapa nachoka mwili tu.

Babu anakusalimu. Anasema asante kwa kunilisha, ila ulinilisha vizuri mno, sasa nammalizia viazi. Anakohoa kidogo asubuhi. Anasema maua yakiisha nirudi shule. Mimi naomba maua yasiishe.

Edisa


Kasese, 6 Machi 2015

Binti yangu,

Umeandika barua nzuri na imenikasirisha. Televisheni! Na mimi nilikuwa nikijiuliza kwa nini wale wasichana waliokuja sikukuu ya Idi walikuwa wanachungulia kila chumba.

Sikiliza sasa, maana nina neno zito. Nimekwenda kwa mwalimu mkuu. Nilikaa kwenye benchi lake tangu saa mbili mpaka adhuhuri, vitenge vyangu havina mtu. Amekubali kushika nafasi yako mpaka muhula wa pili ufunguliwe, tarehe 25 Mei. Siku hiyo usipoonekana, nafasi anapewa mwingine, na amesema wazi kwamba hatakupokea tena. Ulishafukuzwa shule moja, Edisa. Sijui ya tatu itatoka wapi.

Baba yako anataka kuja sasa hivi. Juzi alipiga meza, akasema, "Nitapanda na gari mpaka barabara iishe, halafu nitapanda na miguu, na ule mutoto nitamubeba kama gunia ya simiti!" Nimemzuia. Nimemwambia mzee Tsongo ana zaidi ya miaka sabini, anakohoa, hana mtu mwingine huko juu. Mwache mtoto amwangalie mpaka mwezi wa tano. Amekubali kwa sababu ya mzee, si kwa sababu yako. Basi ujue kwamba babu yako ndiye anayekulinda. Asingekuwepo, baba yako angekuwa ameshakushusha.

Nakutumia dawa ya kikohozi. Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, na asiichanganye na asali yake, kila mzee huko anadhani asali ni daktari.

Mimi pia nililetwa hapa kutoka Bwera nikiwa na miaka kumi na tisa. Nililia nyuma ya nyumba mwezi mzima, halafu nikaacha. Nakuambia ili ujue kwamba huwa inaisha.

Halimah


Juu ya Karambi, 11 Aprili 2015

Mama Asmah,

Dawa ilifika. Asante. Babu hajambo. Kikohozi kimekwisha. Anakusalimu sana.

Mvua ni kubwa. Daraja la magogo pale mtoni limekwenda na maji, na njia yote inateleza. Tafadhali mwambie baba asije. Babu pia anasema asije.

Siku hizi situlii. Naondoka asubuhi, naenda mzinga wa kwanza mpaka wa ishirini na mbili, naweka sikio kwenye kila gogo nisikie kama wamo, halafu naanza tena wa kwanza. Na wakati wa mvua mizinga haifunguliwi, kwa hiyo hakuna kazi ninayofanya. Natembea tu. Nikikaa ndani nasikia perere wakilia juu ya miti, na zamani walikuwa hawanisumbui.

Wewe ulipokuwa unalia nyuma ya nyumba, kuna mtu alikuja kukuangalia, au ulijinyamazia mwenyewe?

Asali hii ni ya mwisho ya mwaka jana. Mpe Asmah.

Edisa


Kasese, 8 Mei 2015

Edisa, Edisa, Edisa!

Leo nilikuwa Mpondwe kununua vitenge, nikakutana na Sunday ana mianzi begani. Kabla sijamuuliza, akasema, "Mama, ule mutoto yako nilimwona. Iko muzuri. Amenyoa nywele yote, kichwa iko safi kabisa. Anasema anarudia masomo." Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamkumbatia katikati ya soko, mimi mke wa watu na mtandio wangu, mianzi ikaangukia vikapu vya samaki, tukatukanwa kwa lugha tatu.

Umenyoa nywele! Wewe uliyepigana na metroni juu ya kila unywele, ukasema wasichana wa shule wanafanana na viazi vilivyomenywa! Sikukuambia unyoe. Umenyoa mwenyewe, wiki mbili kabla ya wakati. Nimeelewa, mwanangu. Hukutaka kuandika kwamba umekubali, ukaona upeleke habari kwa kichwa.

Nimeshapita kwa mwalimu mkuu. Nimenunua viatu vyeusi, namba moja juu ya vile vya zamani, maana huko juu miguu hukua. Asmah ameondoka kitandani kwako kwa hiari yake, akalia, akaondoka. Baba yako ameosha gari mwenyewe, na nilipomuuliza akasema ni vumbi. Tarehe 23 atakuwa Bwera anakungoja.

Mwambie mzee Tsongo kwamba nimemshukuru kuliko ninavyoweza kuandika. Najua ni yeye aliyekusemesha. Namtumia sukari, na sweta la sufu la rangi ya udongo. Nimelichagua kubwa ili avae juu ya koti.

Mama yako mwenye furaha,
Halimah


Kasese, 12 Mei 2015

Edisa,

Hii naiandika mara ya tatu. Mbili nimezichana.

Unamjua Proscovia, anayeuza nyanya karibu na meza yangu, yule Mkonzo wa kutoka Kyarumba kule milimani. Jana alikuwa akimenya matoke ya mchana, na mimi nikamsimulia habari ya kichwa chako kwa mara ya kumi. Mara hii alikuwa anasikiliza. Akaweka kisu chini, akaniuliza, "Nani alikufa?"

Nikacheka. Nikasema hakuna aliyekufa, mtoto anarudi shule. Akasema, "Mama Asmah, kule juu baridi iko inakata. Mutoto mwanamuke hawezi kunyoa mpaka ngozi na shule iko mbali. Anavaa kofia, anangoja, ananyoa siku ya mwisho hapa chini kwa mashine. Kwetu mutu ananyoa hivyo kama ametoka kwa matanga. Huyo mzee, Sunday alimwona na macho?"

Nikafunga meza, nikapanda gari la kwanza la Bwera, nikamtafuta Sunday mpaka kwake. Nikamuuliza alimwona mzee lini. Akafikiri. Akasema mwezi wa tatu. Akasema kila akipita unamwambia mzee yuko kwenye mizinga ya mbali. Nikamuuliza kichwa chako kilikuwaje. Akasema kina mikwaruzo ya kisu, sasa imekauka.

Mimi nimezaliwa Bwera. Nimekaa na Wakonzo, watu wa mama yako, maisha yangu yote. Nimepika kwenye matanga yao, nimeona wajane na mayatima wakinyolewa uani, na ningekuwa nimesikia habari hii juu ya mtoto wa jirani ningeuliza swali la Proscovia kabla yake. Lakini nilisikia nilichotaka kusikia. Nikanunua na viatu.

Nimeisoma tena barua yako ya Aprili. Umeandika kwamba kikohozi kimekwisha.

Sijamwambia baba yako. Nakuuliza kwanza wewe: mzee Tsongo yuko hai? Sunday nimerudi naye mpaka hapa ingawa ana mgonjwa nyumbani, na nimemsihi apande leo leo. Atakungoja uandike.

Halimah


Juu ya Karambi, 14 Mei 2015

Mama Asmah,

Hayuko.

Alikufa tarehe 26 Machi, asubuhi. Dawa yako ilikuwa imefika siku mbili kabla, alikunywa vijiko vitatu. Aliniomba nifungue mlango aone kama ukungu umeondoka. Nikafungua. Nikasema bado. Nilipogeuka nikaona nimemjibu mtu asiyesikia.

Nilishuka Karambi kumwambia Mjomba Yonasani, mwanawe Babu. Uandike kwamba nilishuka, tafadhali, kama utamwandikia mtu. Nilifika mpaka shamba la kahawa la juu kabisa, nikaona moshi wa jikoni kwake, nikasikia watoto wakiitana. Ilibaki kutelemka tu. Nikakaa pale kwenye kahawa. Nikaikumbuka barua yako, kwamba Babu ndiye anayenilinda. Nikajua nikisema neno moja, watapanda, watamchukua yeye na mimi pamoja, na mimi nitaishia bwenini. Nikarudi juu.

Nilichimba kwa jembe lake siku nzima na nusu. Chini ya udongo kuna mawe. Nilifika kiunoni mwangu nikashindwa kwenda zaidi. Nilimfunga kwa blanketi yake, nikamburuta kwa sababu kumbeba sikuweza, nikawa nasema samahani kila tulipopita kwenye mzizi. Sikujua maneno yanayosemwa. Niliimba wimbo mmoja wa kanisani, nusu, nusu nyingine nimeisahau.

Siku nne sikugusa mzinga. Siku ya mwisho nikanyoa kwa kisu chake cha asali, na kila zikiota nanyoa tena. Nilijua Sunday ataona. Nilijua ni upumbavu. Kuandika uongo niliweza, lakini kukaa na nywele zangu kama watu ambao hawakufiwa nilishindwa. Angekuwa amekufa bila mtu hata mmoja wa kumlilia. Sunday aliponiuliza, neno shule likatoka lenyewe. Sikujua litakufurahisha hivyo. Kuhusu viatu nimeona aibu zaidi kuliko yote.

Kuna jambo baya kuliko hilo. Mjomba kila wiki anampelekea baba yake ndizi, anaziacha pale kwenye jiwe kubwa njiani, hapandi mpaka kwenye nyuki, na mimi nakwenda kuzichukua. Nazila mimi. Najua anasimulia watu kwamba mzee bado ana meno.

Sasa nakuomba. Usimwambie mtu mpaka tarehe 25 ipite. Nafasi ikishapewa mwingine, hawatakuwa na mahali pa kunirudisha, na mimi mwenyewe nitashuka kwa Mjomba, nitasema yote, anipige akitaka. Siku kumi na moja tu. Sijawahi kukuomba kitu tangu nije kwenu, uliza hata baba. Naomba hiki.

Sweta limefika. Nimelikunja.

Edisa


Kasese, 19 Juni 2015

Edisa,

Nimekaa mwezi mzima nikingoja uniandikie. Hukuandika, basi naandika mimi.

Sikukuahidi siku kumi na moja, wala moja. Sunday aliponipa barua yako nilisoma nimesimama barabarani, nikavuka upande wa pili, nikapanda gari la Karambi. Baba yako sikumwambia. Nilimwambia kwanza mwenye baba. Mjomba wako alikuwa anageuza kahawa aliyoianika. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akakaa chini, juu ya kahawa ile ile, mtu ambaye hafukuzi kuku tu kwenye turubai lake bali huwarushia mawe. Hakulia. Aliuliza, "Na ndizi?" Nikasema alizila Edisa. Akatikisa kichwa muda mrefu.

Siombi radhi kwa hilo. Mtu na baba yake wasikae miezi miwili mmoja anapeleka ndizi kaburini bila kujua. Ningesema tena.

Sasa nikuambie kitu usichokijua, kwa sababu ulinipita. Wazee wa ukoo walipopanda na Mjomba wako kulitazama kaburi, nami nilipanda. Nilifika mtoni, nikaona maji yale, nikakaa kwenye jiwe. Nilikaa kutoka asubuhi mpaka jua likainama, nikisikia vilio vya wanaume kule juu. Mkashuka. Mjomba aliniambia baadaye kwamba waliona wasimfukue, wachukue udongo wa kaburi wakaulilie nyumbani kwake kama inavyopasa, na kwamba ulikataa mtu mwingine aubebe. Nilikuona ukivuka. Maji yako kiunoni, udongo ule umefungwa kwenye shuka, uko kichwani, wanaume wazima wameshikana mikono kwa woga, na wewe unawaonyesha pa kukanyaga. "Hapa. Siyo hapo, hapa." Nao wanakutii.

Edisa, miaka mitatu Kasese sijawahi kukuona ukimwonyesha mtu pa kukanyaga. Kwangu ulikuwa unaomba njia hata kupita jikoni.

Ulinipita kama jiwe nililokalia. Siku nne za matanga nilipika, ukala, hukunisemesha. Nilistahili au sikustahili, iliniuma, na bado inauma ninapoandika.

Siku ya mwisho ulikuwa umeondoka na wanawake kuchota maji, kwa hiyo hukusikia. Baba yako alisikia habari ya msiba, akaja na gari. Alisimama mbele ya wazee, akasema, "Mutoto ni wangu. Kesho asubuhi anapanda gari, habari imeisha." Mjomba wako, pamoja na hasira aliyo nayo juu yako, akasema mizinga haina mtu, wanawe wote wanaogopa baridi na nyuki, na mzee hakumfundisha mwingine. Wakaanza kupandishiana sauti. Nikasimama nyuma pale nilipokuwa na masufuria. Nikasema, "Baba Asmah, naomba asiletwe." Akageuka kama nimemmwagia maji. "Wewe? Wewe ndio ulinunua viatu!" Nikasema ndiyo, ni mimi, na mimi ndiye niliyemwona mtoni, wewe hukumwona. Nikasema tukimshusha atatoroka tena, na safari ijayo hatatuandikia.

Alikoroga chai mpaka ikapoa. Halafu akauliza kama Mjomba wako atahakikisha hulali juu peke yako mpaka utimize miaka kumi na minane. Mjomba akasema atahakikisha. Ndivyo ilivyokuwa. Wengi walidhani umeachwa kwa sababu ya mizinga. Nataka ujue uliachwa na nani.

Tarehe 25 Mei nilikwenda shuleni kuchukua godoro lako. Nafasi amepewa msichana wa Hima, mpole, ametulia kwenye kiti. Nilimtazama nikamchukia bila sababu, Mungu anisamehe. Nilikutaka hapa. Nilitaka siku moja niseme sokoni binti yangu ni muuguzi, au mwalimu, au chochote kinachovaa viatu vyeusi. Nimeshindwa, na nimeshindwa kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya watu.

Hii ni barua ya kwanza ambayo sikuulizi unarudi lini. Sina swali lolote. Ukitaka kujibu, jibu.

Halimah


Karambi, kwa Mjomba Yonasani, 27 Juni 2015

Mama Asmah,

Nilikuona mtoni. Nilikuona kabla hujaniona, umekunja gauni magotini na umekumbatia mkoba wako kama mtu anayengoja basi. Nilipita kwa sababu nilikuwa na hasira, na kwa sababu ningesimama ningeangusha mzigo. Hasira bado iko, lakini ni kidogo, na sipendi kudanganya tena.

Habari ya wazee nilikuwa sijui. Mjomba hakuniambia. Nilipomuuliza jana akasema, "Ule mama alisimama peke yake, sisi wote tulisema ya mizinga tu." Nimetembea na maneno hayo kutwa.

Mjomba amenisamehe nusu. Kila jioni ananiuliza jambo jipya juu ya siku za mwisho za Babu, kama alikula, kama alitaja nani, namwambia, anatoka nje. Bado situlii, ila sasa natembea nikiwa na mahali ninapokwenda.

Mvua imekwisha. Jumamosi tarehe 4 Julai tunafungua mizinga kwa mara ya kwanza tangu afe. Siku kama hiyo asali ya mzinga wa kwanza huonjwa na mtu wa nyumbani kabla haijaguswa na mwingine. Mjomba aliniuliza tumwite nani. Nimemwambia wewe, na barua hii nimemsomea, amekubali.

Njoo Ijumaa ulale hapa. Uje na Asmah kama hataogopa. Vaa buti za mpira. Usioge kwa ile sabuni yako ya waridi, nyuki watakufukuza mpaka Congo. Na ukifika mtoni kabla yetu, usijaribu kuvuka peke yako. Kaa pale pale, nitakuja kukushika mkono.

Edisa